Kostiki ipi? Sabuni ya bibi na dizeli ya uani

Makala haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita katika maelezo yetu ya kila juma. Yanachapwa hapa kwa ajili ya wale ambao umeme uliwakatikia katikati ya kipindi.

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji wa safu hii, juma lililopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja mkaanga chipsi wa huku Temeke. Baada ya salamu, na baada ya kunisifia sauti kuliko inavyostahili, aliandika hivi: "Kaka, kila wiki nabakiwa na madumu mawili ya mafuta yaliyochoka. Nikasikia kuna watu wanayageuza dizeli. Nimenunua kostiki ya kutengenezea sabuni, nikaichanganya na spiriti, nikamimina kwenye mafuta. Dumu zima limekuwa uji. Fundi mmoja ananiambia nimekosea kostiki, kwamba zipo mbili. Mwingine anasema kostiki ni kostiki. Nani mkweli?"

Mimi si mkemia. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, na katika kemia nilitoka shuleni na alama ambayo sitaitaja hewani. Lakini swali la kijana huyu halikunipa usingizi, kwanza kwa sababu lita 20 za mafuta kuharibika si mzaha kwa mtu anayeishi kwa sahani za chipsi, na pili kwa sababu swali lenyewe nimelijua tangu utotoni bila kujua kwamba nalijua.

Mwaka 1983, wale wenye umri wangu na kuendelea watakumbuka, nchi ilikuwa katika msako wa wahujumu uchumi. Vita vya Kagera vilikuwa vimetukausha, maduka yalikuwa na rafu bila bidhaa, na sabuni ilikuwa kitu cha kupangia foleni tangu alfajiri. Kwa bibi yangu, kule Bukoba, foleni hiyo haikufika. Alikausha maganda ya ndizi juani, akayachoma mpaka yakawa majivu meupe, akayatia katika chungu chenye tundu chini, akamimina maji juu yake taratibu. Maji yaliyodondoka yalikuwa ya rangi ya chai na yaliteleza vidoleni. Akayachemsha na mafuta ya ng'ombe kutwa nzima. Kilichopatikana ni sabuni, naam, lakini sabuni nyeusi, laini kama ugali wa mhogo, ambayo haikugandamana hata siku moja. Tuliichota kwa vidole kutoka katika kopo la maziwa ya unga. Nilimwuliza kwa nini haiwi mche kama ile ya dukani. Akanijibu kwamba ya dukani ni ya Wazungu, wana mashine.

Jibu la bibi halikuwa sahihi, ingawa hakukuwa na wa kumlaumu. Sabuni yake haikuganda kwa sababu majivu ya maganda ya ndizi yana potashi nyingi. Ya dukani iliganda kwa sababu ilipikwa kwa soda. Hizo ndizo kostiki mbili za yule fundi wa kwanza.

Binadamu alizitumia zote mbili kwa maelfu ya miaka akidhani ni kitu kimoja. Waliokaa bara, penye miti, walichoma kuni wakapata potashi. Waliokaa kando ya bahari au penye maziwa ya chumvi walipata soda, kama hii magadi yetu ya Ziwa Natron na ya Ziwa Magadi huko Kenya. Ni mwaka 1736 tu ambapo Mfaransa mmoja, Duhamel du Monceau, alionyesha kwamba kilichomo katika soda si kile kilichomo katika potashi. Na ilichukua miaka mingine 71, hadi 1807, kabla Humphry Davy hajapitisha umeme katika potashi iliyoyeyushwa pale London, akaona matone ya madini yanayong'aa na kuwaka moto papo hapo. Hiyo ndiyo potasiamu. Siku chache baadaye akafanya vilevile kwa soda, akapata sodiamu.

Msidhani yalikuwa mambo ya wasomi wenye muda mwingi. Potashi ilikuwa fedha. Hataza ya kwanza kabisa kutolewa na serikali ya Marekani, tarehe 31 Julai 1790, ikiwa na sahihi ya Rais George Washington, haikuwa ya bunduki wala ya mashine ya kufumia. Ilikuwa ya Samuel Hopkins, na ilihusu namna bora ya kupata potashi kutoka katika majivu. Misitu ilikuwa ikiisha, na viwanda vya sabuni, vioo na nguo vilikuwa havishibi. Mwaka uliofuata Nicolas Leblanc wa Ufaransa akapata hataza ya kutengeneza soda kutokana na chumvi ya kawaida. Mapinduzi yakamnyang'anya kiwanda, naye mwaka 1806 akajiua katika ufukara. Lakini kuanzia hapo soda ikawa rahisi na potashi ikawa ghali, na mpaka leo ni hivyo. Ndiyo maana kijana wetu alipoingia dukani na kusema "nipe kostiki", alipewa soda bila kuulizwa.

Sasa tuje kwenye dizeli yenyewe.

Ipo hadithi inayopendwa sana kwamba Rudolf Diesel alibuni injini yake ili ile mafuta ya karanga, na kwamba wenye visima vya mafuta wakampora wazo. Hadithi tamu, lakini si hivyo ilivyokuwa. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 ilikuwapo kweli injini ndogo ya aina ya dizeli iliyoendeshwa kwa mafuta ya karanga, ila iliwekwa pale na kampuni ya Otto ya Ufaransa, kwa matakwa ya serikali ya Ufaransa. Diesel mwenyewe alieleza hivyo mwaka 1912, mwaka mmoja kabla hajapotea baharini akisafiri kwa meli kwenda Uingereza. Na kwa nini karanga? Kwa sababu Ufaransa ilikuwa na makoloni Afrika, na karanga zilikuwa zikilimwa huko kwa wingi. Wazo lilikuwa kwamba mkoloni aendeshe mitambo yake kwa kile kinacholimwa na mtawaliwa palepale, bila kuagiza makaa wala mafuta kutoka mbali. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza jambo hili linatuhusu, tena si kwa njia ya kujivunia.

Injini ile ya Paris ilinywa mafuta kama yalivyo. Injini haipendi hivyo kwa muda mrefu. Mafuta ya kupikia ni mazito, huziba pua za kupulizia, huacha masizi. Dawa yake ilipatikana Ubelgiji. Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa kitu chepesi kinachofaa injini, na mafuta aliyoyalenga yalikuwa mawese. Mwaka 1938 basi la abiria lilipelekwa barabarani kati ya Brussels na Louvain likitumia mafuta hayo. Abiria walipanda, wakashuka, wakaenda kazini.

Mawese hayo yalikuwa ya Kongo. Hapa naomba tusimame kidogo, maana katika vitabu vya mafuta basi lile husifiwa na mkata ngazi hatajwi. Tangu mwaka 1911 Ubelgiji ilikuwa imempa tajiri wa sabuni wa Uingereza, William Lever, maeneo makubwa ya michikichi Kongo, na wanaume wa huko walilazimishwa kupanda michikichi na kukata mikungu kwa ujira usiotosha hata kodi. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliasi. Askari wakapelekwa, na watu kwa mamia wakauawa. Miaka saba baadaye basi likawa linateleza kuelekea Louvain. Simlaumu Chavanne, alikuwa mtu wa maabara. Nasema tu kwamba mawese yalikuwa na bei mbili, na ile iliyolipwa Kwango haikuandikwa katika hataza.

Tukirudi kwenye swali letu, Chavanne hakutumia kostiki ya aina yoyote katika hataza yake. Alitumia asidi. Ili tuelewe kwa nini mtu achague hiki na si kile, lazima tujue kazi ya kitu hiki ambacho wakemia hukiita kichocheo, jina ambalo kwa lugha zao lilibuniwa na Berzelius wa Sweden mwaka 1835.

Chembe ya mafuta ni kama mama mmoja aliyeshika watoto watatu. Mama ni gliserini, watoto ni asidi za mafuta. Tunataka watoto wamwache mama, kila mmoja akaoane na chembe ya spiriti, yaani methanoli au ethanoli. Ndoa hizo ndizo dizeli. Lakini mafuta na spiriti vikikutana vyenyewe havisemezani. Anatakiwa mshenga. Mshenga mwema hupeleka posa, hukamilisha ndoa, kisha huondoka bila kudai chumba. Huyo ndiye kichocheo. Asidi ni mshenga mpole, anafika lakini anachelewa: kazi ya saa moja kwa kostiki inaweza kumchukua yeye kutwa na kucha. Sifa yake ni uvumilivu. Mafuta yaliyochacha, kama mawese yaliyokaa muda mrefu, hayamsumbui.

Kostiki ni mshenga wa haraka, ila ana tabia moja mbaya. Akikuta maji, au akikuta mafuta yaliyochacha, anaoa mwenyewe. Na ndoa ya kostiki na asidi ya mafuta inaitwa sabuni.

Kijana wangu wa Temeke, hapo ndipo dumu lako lilipopotelea. Mafuta ya chipsi yakikaangiwa siku nyingi huchacha, na viazi huacha maji ndani yake. Spiriti ya dukani nayo ina maji. (Kwa wale waliokwisha kuanza kuwaza gongo, waache: gongo ni maji mengi yenye ulevi ndani yake, na mbali na sheria, haitoi dizeli bali uji.) Kwa hiyo fundi aliyesema umekosea kostiki hakusema uongo kwamba ziko mbili, lakini hata ungetumia ile nyingine ungepata uji. Ungepata uji mwepesi zaidi tu.

Waliofungua njia ya kostiki hawakuwa wakitafuta dizeli. Ilikuwa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Marekani ilianzisha kampeni ya kuwaomba akina mama wa nyumbani wasimwage mafuta ya kukaangia, wayapeleke buchani, yakusanywe. Serikali ilitaka gliserini, maana gliserini ndiyo hutengenezewa nitrogliserini ya mabomu. Yaani yule mama tuliyemsema, watoto wakishaondoka, anapelekwa vitani. Miaka hiyohiyo, 1942 na 1944, watu wawili, Bradshaw na Meuly, walipata hataza kwa kampuni ya Du Pont: mafuta, methanoli, na kostiki kidogo sana, chini ya nusu ya sehemu moja katika mia ya uzito wa mafuta, na gliserini inazama chini ikiwa karibu kavu. Kilichobaki juu wakakigeuza sabuni. Leo kile cha juu tunakiita dizeli ya mimea, na cha chini ndicho kinachotusumbua mahali pa kukiweka. Vita viligeuza chungu kichwa chini miguu juu.

Amani ilipokuja, petroli ikawa rahisi na jambo likasahauliwa hadi misukosuko ya mafuta ya 1973 na 1979. Afrika Kusini ya makaburu, iliyokatiwa mafuta ya Iran baada ya mapinduzi ya 1979, ilijaribu alizeti katika matrekta. Wabrazili nao walijaribu. Lakini waliolitazama swali la kostiki kwa jicho la mkulima ni Waaustria. Katika miaka ya 1980, watu wa Chuo Kikuu cha Graz na wakulima wa jimbo la Styria walianza kutengeneza dizeli kwa mbegu za rapa katika mtambo mdogo wa majaribio pale Silberberg, na wakaamua kutumia kostiki potashi, ile ghali. Hesabu yao ilikuwa hii: soda ikimaliza kazi, mabaki yake ni taka. Potashi ikimaliza kazi, mabaki yake yakitiwa asidi ya fosforasi hutoa chumvi ya potasiamu na fosforasi, na hiyo ni mbolea. Shamba lililotoa rapa linarudishiwa chakula chake.

Wamarekani na Waingereza wa miaka ya 1990, waliokuwa wakitengeneza dizeli katika banda la gari kwa mafuta ya migahawa, walianza na soda, ile ya kuzibulia mabomba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani. Wengi baadaye walihamia potashi, na sababu waliyoitoa ingemchekesha bibi. Walisema kwamba kwa soda, gliserini na sabuni chini ya pipa huganda kama mche, wanalazimika kuichimba kwa koleo. Kwa potashi inabaki laini, inafungulika kwa koki.

Kwa mizani, mambo yako hivi. Kwa lita 1 ya mafuta mapya na makavu hutumika kama mililita 200 za methanoli na gramu 3.5 za kostiki soda. Ukitumia potashi zidisha kwa 1.4, yaani gramu 4.9, kwa sababu chembe yake ni nzito zaidi, 56 kwa 40. Kwa mafuta yaliyotumika haikadiriwi kwa jicho. Hupimwa kwanza uchachu wake, kisha huongezwa kostiki ya kuumaliza uchachu huo. Potashi huyeyuka upesi katika methanoli na husamehe makosa madogo. Soda ni rahisi kwa bei na haisamehi. Mimi, nikilazimishwa kuchagua kwa mafuta ya chipsi, nasema potashi, na kabla ya hapo nasema mafuta yachemshwe maji yatoke, maana kostiki yoyote juu ya mafuta yenye maji ni kupika sabuni bila kukusudia.

Lakini sikulazimishwi, wala sikushauri uanze uani kesho. Methanoli si spiriti ya kufutia kidonda. Vijiko vichache vikimezwa vinapofusha, mvuke wake ni sumu, na mwali wake mchana hauonekani. Kostiki zote mbili huunguza jicho kabla hujafika bombani. Na zote mbili hula alumini na kutoa gesi inayolipuka, ilhali sufuria zetu karibu zote ni za alumini. Uji wako, kijana, ulikugharimu mafuta. Nashukuru Mungu haukukugharimu zaidi.

Najua utaniambia habari ya bei. Mwaka 2022 lita ya dizeli hapa Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000, na wenye mashine za kusaga na jenereta hawajaisahau. Kila bei ikipanda hujitokeza watu na dawa. Katika miaka ya 2000 walikuja wawekezaji Kisarawe na Kilwa, wakachukua ardhi ya vijiji kwa ajili ya mbono kaburi, tukaambiwa utajiri huo. Miradi ikafa, na wanakijiji wakabaki kuulizia mashamba yao. Mafuta yaliyokwisha kukaanga viazi angalau hayamnyang'anyi mtu shamba. Kwa sababu hiyo nakuona una hoja kuliko wao.

Nilimjibu kijana huyu kwa simu, nikamweleza niliyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza potashi inauzwa wapi. Nikamwambia nimezunguka maduka ya Kariakoo asubuhi nzima na kila mahali nimeonyeshwa gunia la soda. Kimya kidogo. Nikaona nimwambie na jambo jingine nililokutana nalo nikisoma: kwamba katika vyuo vikuu vya India na Nigeria, miaka ya karibuni, watafiti wamekuwa wakichoma maganda ya ndizi na kutumia majivu yake kama kichocheo cha kutengenezea dizeli, kwa sababu ya ile potashi iliyomo ndani.

"Maganda ya ndizi gani, kaka?" akauliza. "Haya ya kuiva au ya kupika?"

Bibi alitumia ya matoke. Nimemwambia hivyo, na nimemwambia asiwashe moto mpaka tuonane.